Mashua Mnayoweza Kuivuta

Mtu akija kuniuliza anunue mashua ya futi ngapi, simjibu kwa futi. Namuuliza: siku ukifika ufukweni umechoka, upepo umegeuka na mawimbi yanakupiga kwa nyuma, nani atashika kamba pamoja nawe? Taja majina. Usinitajie watu waliokuja kwenye harusi yako. Nitajie watakaokuwapo.

Akishataja, namwambia awalete. Wakija, nawatuma mmoja mmoja wakanunue mandazi ng'ambo ya barabara, mpaka abaki yule mwenye mikono midogo kuliko wote. Huyo ndiye nampa kamba avute. Wengine hukasirika. Mume mmoja aliniuliza kama namchagulia mashua au namwonea mke wake.

Sikuanza hivyo. Kwa miaka mingi nilipima kwa njia nyingine, niliyofundishwa nyumbani, na niliipenda kwa sababu ilikuwa ya nyumbani. Ninyi vijana mnaojifunza mbao na faiba mtaulizwa swali hilo hilo la futi, na mimi vidole vyangu havishiki tena tindo. Basi nikae niwaeleze.

Najua mnacheka. Mmezaliwa hapa kambini Dzaleka, ziwa mmelisikia tu katika maneno yetu wazee, na mnashangaa vipi mtu alikula miaka yake Lilongwe, mji usio na ziwa, akitengeneza mashua. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Lakini wenye pesa wa mjini wana mashua, na mashua zao hulala mjini juu ya trela kama mbuzi waliofungwa, zikingoja mwisho wa juma ziburutwe hadi Salima, ziwani. Zikipasuka huko, zinarudishwa mjini. Yadi yetu ilikuwa mtaa wa Biwi, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Upande huu cheche, upande ule kinu cha mahindi kinanguruma, na katikati mashua tatu au nne zimekaa kwenye vumbi zimeelekeza pua kila moja kwake, kama watu waliogombana.

Nilifika hapo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kutoka Baraka, kule Fizi, Kongo, ufukweni mwa Tanganyika, nilikuwa nimebeba vitu vichache: tindo, nyundo ya kalafati, na kapi mbili za mti mgumu, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba ili mzigo uwe mwepesi. Kapi moja ilikuwa yangu ya kazi. Nyingine ilikuwa ya marehemu Mzee Lwaboshi, aliyenifundisha. Hiyo sikuitumia. Niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu la vifaa, kama mtu anavyoweka picha ya baba yake.

Mzee Lwaboshi alikuwa na desturi yake. Mtu akitaka mashua mpya, kabla mbao ya kwanza haijakatwa, alimwita ufukweni pamoja na watu wa nyumba yake. Mashua kuukuu ya ukubwa ule ule aliotaka ilikuwa imelazwa majini nusu. Kamba moja, kapi moja, na watu wa nyumba tu. Waivute mpaka mchanga mkavu. Ikija, atatengeneza. Ikikataa, atatengeneza ndogo zaidi, au hatatengeneza kabisa. Jirani hakuruhusiwa kugusa kamba.

"Jirani iko na siku yake ya kugonjwa," alisema. "Iko na siku yake ya kukukasirikia. We unavuta na jirani leo, kesho unavuta na nani?"

Mfanyabiashara mmoja wa ndagala, dagaa wa kwetu, alitaka mashua kubwa ya kuwatisha wenzake. Akaja na vijana saba, wote vifua vipana, akasema ni batoto ya dada yake. Mzee akawatazama, akawapanga mstari, akaanza kuwauliza mmoja mmoja jina la bibi yao. Alipofika wa nne, ufuko mzima ulikuwa umelala chini kwa kicheko, kwa sababu bibi alikuwa amekwisha kuwa wanne.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asiongeze kapi ya pili, kazi iwe rahisi. Akanitazama kama niliyemtukania ziwa.

"Kapi ya pili njo uongo," alisema. "Utamuonyesha mutu nguvu yenye hana. Atanunua mashua ya ile nguvu. Nyuma, atalia kwa mashua ya kweli."

Nililishika neno hilo. Nyumba zetu zilikuwa na watu wengi wakati ule, na ufuko wa Baraka haukuwahi kukosa mtu. Neno lilikuwa sawa kwa mahali pake.

Sasa nisikilizeni kwa mambo mnayoyataka. Ninayozungumzia si mtumbwi wa kuvulia. Ni mashua ndogo ya safari, yenye tanga, yenye chumba kidogo cha kulala na pembe ya kupikia, ambayo mtu anaweza kwenda nayo ufuko baada ya ufuko kwa majuma mazima. Mashua kama hiyo haikui kama mkeka. Mkeka ukiuongeza urefu, umeongeza urefu tu. Mashua ukiiongeza urefu kidogo, inanenepa ubavuni na inazama zaidi chini, na uzito unaruka. Ya futi ishirini na sita ukiiweka karibu na ya kumi na saba, kwa macho utasema ni dada mkubwa na mdogo. Ziinue. Kubwa ni kama mashua tatu zilizokubali kukaa pamoja.

Tena msidanganywe na kimo. Muuzaji atakwambia, ingia ndani, simama, unaona, kichwa hakigusi. Muulize kama kwao watu hulala wamesimama. Vua viatu, jilaze pale pa kulala, geuka ubavu. Ukigeuka bila kumpiga mwenzako kiwiko, chumba kinatosha. Halafu uliza ndoo itakaa wapi. Watu wa heshima huona haya kuuliza habari ya ndoo, na ndiyo wanayoijutia kwanza. Inua nanga kwa mkono mmoja; ikikushinda umesimama kwenye vumbi la Biwi, itakushinda zaidi ukiyumba. Na tazama chini kama kuna ulimi, ule ubao wa katikati unaoshuka na kupanda. Ulimi ukipanda, unaweza kufika hadi mchangani. Mashua isiyo na ulimi wa kupanda itakuacha uogelee na begi kichwani.

Kulikuwa na mwenye duka la vitambaa pale Old Town ambaye hakuuliza lolote kati ya haya. Alinunua mashua ya kubeba mashemeji wote. Ilikwenda Salima mara moja. Kuishusha majini kulihitaji nusu ya kijiji, na kuipandisha nusu nyingine. Ikarudi yadini, ikakaa. Kuku wa mama mmoja muuza chapati wakaanza kutagia ndani. Lakini mwenyewe alikuwa anakuja kila Jumapili, anapanda ngazi, anawatoa kuku kwa adabu, anakaa chumbani mwa mashua na gazeti lake mpaka jioni.

"Fundi," aliniambia, "humu ndani mtandao haushiki. Hakuna anayenipata. Imekwisha kujilipa."

Huyo hakujuta. Ni wachache wenye bahati yake.

Nilifanya kazi pamoja na Deo, fundi cherehani wa Bukavu, mtu aliyesoma, ambaye alishona mavazi ya kwaya siku za juma na matanga siku za haraka. Tanga lake la kwanza alilitia marinda. Nilimwambia tanga halihitaji marinda, haliendi kanisani.

"Nyie bantu ya Fizi," alijibu, sindano iko mdomoni, "munafikiri Mungu aliumba maji kwanza, akakumbuka bantu nyuma."

"Na nyie ba Bukavu, ziwa yenu iko ya kuangalia kwa dirisha."

"Afadhali. Dirisha haizamishe mutu."

Deo ndiye aliyekuwapo siku walipokuja Bambo na Mayi Nyirongo, yaani Bwana na Bibi Nyirongo.

Bambo alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na mwishowe akapata yake mawili. Mkewe alikuwa nesi mstaafu. Alizaliwa Likoma, kisiwa kilicho mbali ziwani, upande wa Msumbiji, lakini alifanya kazi miaka mingi Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Chichewa changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo yeye akawa daraja kati yangu na mumewe, na alikuwa daraja linalochagua cha kupitisha. Bambo alisema maneno mengi akinyoosha mikono. Mayi akageuka kwangu.

"Anasema anataka kubwa."

Yadini kulikuwa na mashua mbili za kuuzwa, za wageni waliokuwa wanarudi kwao. Moja ya futi ishirini na sita, nyeupe, ina vitanda sita. Nyingine ya kumi na saba, rangi imebabuka, mahali pa kulala wawili na rafu ya sufuria. Bambo alikwisha kuzunguka ile kubwa mara kadhaa akiigonga kwa kiganja, kama wafanyavyo madereva na magurudumu.

"Watoto wetu watatu wako mbali," Mayi alinieleza. "Wawili Johannesburg, mmoja Uingereza. Anasema watakuja Krismasi, twende nao wote."

"Na wewe Mayi, unasema nini?"

"Mimi nasema watakuja kwa ndege, na watalala hotelini." Akatazama ile ndogo. "Tangu msichana nakwenda nyumbani Likoma kwa meli, nimekaa juu ya magunia, mzigo kati ya mizigo. Nataka kufika mara moja nimejipeleka mwenyewe. Ufuko kwa ufuko. Nimlaze huyu mzee kila usiku mahali ambapo hajawahi kupiga honi."

Bambo akauliza amesema nini. Mayi akamjibu neno moja. Bambo akacheka, kisha akanishika bega na kusema jambo ambalo hata kwa Chichewa changu nililielewa kabla halijatafsiriwa. Wakinunua ile kubwa, watahitaji mtu wa ziwa. Nitakuwa nahodha wao, safari yote, hadi Likoma na kurudi, kila mwaka.

Mnielewe hapo. Tangu nilipovuka Tanganyika nikiwa nimejificha kati ya magunia ya watu, tukielekea Kigoma, sikuwa nimekaa tena ndani ya mashua iliyo majini. Nilizitengeneza, nilizipaka rangi, nilizitazama zikitoka getini nyuma ya magari, zikienda bila mimi. Nilikuwa kama mpishi anayepika na kutumwa nje kabla ya chakula. Na sasa mtu ananiambia: sema tu kubwa.

Deo alinivuta kando. "Papa Neema, we iko mujinga? Sema kubwa! Ile kubwa njo itakufikisha ku maji."

"Hawataiweza."

"We utaiweza. Sema kubwa, nitashona tanga lenyewe bila marinda."

Niliwaomba wachomeleaji wanisaidie kuziteremsha zote mbili juu ya magogo yaliyopakwa mafuta machafu ya gari. Kamba moja, kapi moja imefungwa kwenye nguzo. Nikawaambia Bambo na Mayi wavue makoti.

Vijana wa kabaza, wanaobeba abiria kwa baiskeli, walisimama barabarani kutazama wazee wawili wa mtaa wa Area 18, mmoja na tai, mmoja na viatu vya kanisani, wakivuta mashua kwenye vumbi la Biwi. Kubwa haikutikisika hata kwa heshima. Bambo akatema mate mikononi, akavuta tena, tai ikapanda begani. Mmoja wa kabaza akapiga kelele kwamba mzee aongezewe nsima, ugali wa huku. Bambo akasema gari lake ndilo litakalovuta.

"Mwambie gari haliogelei," nilimwambia Mayi, na hilo alilitafsiri lote.

Ningeweza kuongeza mafuta kwenye magogo. Ningeweza kuweka mkono wangu kidogo nyuma, mahali ambapo hawanioni. Nilisimama na mikono mgongoni.

Kisha wakaja kwa ile ndogo. Ilikataa kidogo, ikagugumia, ikatoka. Hatua kwa hatua ilikuja, na Mayi alianza kucheka, kicheko cha msichana, akirudi kinyumenyume na kamba imemzunguka kiuno. Bambo aliiacha kamba akaenda kukaa juu ya sanduku langu la vifaa, akajifuta jasho kwa tai, akaitazama mashua ndogo kwa muda mrefu. Akasema kitu polepole.

"Anasema," Mayi alitafsiri, "kumbe watoto hawakuja kuvuta."

Wakainunua hiyo. Deo hakunisemesha mpaka kesho yake.

Kabla hawajaondoka, Mayi alikuja peke yake. Aliona, nadhani, jinsi nilivyokuwa naisugua ile mashua siku za mwisho. Akasema, "Fundi, ndani ni pa watu wawili, lakini nje kuna nafasi chini ya turubai. Njoo siku za mwanzo tu, kutoka Senga, pale Salima, hadi Nkhotakota. Ukiona tumeelewa, utashuka, utapanda basi urudi."

Nilitaka kuitikia pale pale. Lakini wakati ule, hapa kambini, tulikuwa tunaishi sikio moja limeelekea ofisini. Watu walikuwa wanaitwa kuhojiwa kwa ajili ya kwenda nchi za mbali, na ilisemekana anayeitwa akakosekana, jalada lake linakwenda chini kabisa. Hakuna aliyejua kama ni kweli. Ilitosha kusemwa. Watu waliacha kwenda kulala msibani Lilongwe; mimi mwenyewe nilirudi kila jioni kutoka Biwi. Kuna mtu aliyelima bustani yake mwisho pale ambapo mkewe angeweza kumwita kwa sauti, hakupita hapo.

Mama Neema, mke wangu, aliniambia, "Enda. Siku tatu, ine. Mi nitaitika."

"Kuhojiwa hakuitikiwe na mutu mwingine."

"Basi waniulize mi habari ya mashua, niko nazijua zote. Njo zenye unaota, unapiga makelele."

Sikwenda. Nilisimama getini Biwi nikaitazama ikipelekwa. Juma lile sikuitwa. Mwaka ule sikuitwa. Niko hapa nazungumza nanyi, mnaona wenyewe.

Bambo na Mayi walikuwa wanatoka kila kiangazi, kati ya pepo za mwera, zile za kusini zinazolipandisha ziwa ghafla. Mvua zikikaribia waliirudisha yadini, na Mayi aliniletea usipa waliokaushwa, wale samaki wadogo kama ndagala zetu, na habari. Ya kwanza ilikuwa ya Likoma. Walifika asubuhi, shangazi zake wamejaa ufukweni, na vijana wa ukoo wakakimbilia majini kusaidia kuivuta.

"Niliwafokea!" alisema. "Nikawaambia, anayegusa mashua hii simjui! Tukaivuta sisi wawili, mimi na mzee wangu, mbele ya kisiwa kizima. Nimezaa watoto watatu, Fundi, sijawahi kujiona hivyo."

Nilifurahi kama niliyekuwapo. Nilijiambia ukubwa niliouchagua ulikuwa sawa, na ulikuwa sawa. Hiyo ndiyo shida yangu mpaka leo.

Ukafika mwaka ambao mashua haikurudi kabla ya mvua. Wala mwaka uliofuata. Miaka ikapita. Deo akaitwa, akaenda zake Kanada na cherehani yake, na mimi bega langu la kulia likaanza kukataa kuinuka. Ndipo siku moja pikapu ya kukodi ikaingia yadini ikivuta trela, na juu yake ile mashua ndogo, imeliwa na jua. Mayi Nyirongo alishuka upande wa abiria. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ambayo haikuwa mpya tena.

Nilimletea kiti. Alikataa kiti, akakaa kwenye gogo, akanisimulia.

Walikuwa kaskazini, pale milima inaposhuka hadi majini na barabara hakuna. Jioni waliivuta mashua juu wenyewe, kwenye ufuko mtupu, kama kawaida. Asubuhi Bambo alijaribu kuinuka akaanguka. Mkono mmoja umelegea, mdomo umekwenda kando. Mayi alikuwa nesi, hakuhitaji mtu wa kumwambia. Hospitali ilikuwa nyuma ya rasi, karibu kwa maji, mbali sana kwa miguu.

"Kwa ugonjwa ule, saa za kwanza ndizo saa," alisema. "Nilijua. Nikaitupa nanga majini iwe nguzo, nikafunga kapi, nikapitisha kamba kama ulivyotufundisha. Nikavuta. Nikavuta, Fundi. Ilikuwa inatikisika tu. Yeye amelala pale ananitazama, na jicho moja linaniambia niache."

Akamfunika kwa tanga, akapanda mlima kutafuta watu. Aliporudi nao jua lilikuwa limeshapita utosini. Bambo hakufa siku ile. Aliishi bila maneno, nyumbani Area 18, kisha akaenda.

Nikasema pole. Akanigusa mkono.

"Usijisumbue. Tuliishi miaka mizuri ndani yake. Nimekuja kuiuza, lakini kabla sijaiuza nataka twende mimi nawe. Siku moja tu, hapo Senga, mpaka kile kisiwa kidogo cha mbele na kurudi. Hukuja wakati ule. Nimelikumbuka hilo mara nyingi. Wewe ndiye uliyeichagua, na hujawahi kukaa ndani yake ikiwa majini."

Moyo wangu, vijana. Nilikuwa mzee mwenye bega moja, na uliruka kama wa mtoto.

"Tuivute kwanza," alisema, akicheka kidogo. "Ndiyo sheria yako."

Tukaishusha juu ya magogo. Kamba moja, kapi moja kwenye nguzo ile ile. Tukashika, yeye mbele, mimi nyuma. Kabaza hawakusimama mara hii. Hakukuwa na cha kuchekesha. Tulivuta mpaka bega langu likapiga kelele. Mashua ilikaa kimya ikitutazama.

"Basi," alisema, akihema. "Ni kubwa kwetu."

Nilikuwa nimeliona ziwa tayari. Nisingeliachia. Nikaenda kwenye sanduku, nikatoa tindo, nikatoa nyundo, nikafika chini kabisa, nikakifungua kitambaa. Kapi ya Mzee Lwaboshi ilikuwa bado inang'aa kwa mafuta ya mikono yake. Nikaifunga kwenye pete ya mbele ya mashua, nikairudisha kamba nyuma, nikaipitisha tena. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, mfupi kuliko kuvuta sigara.

Nilitaka kumfurahisha. Nikasogea kando, nikamwambia, "Sasa vuta peke yako."

Akavuta. Kamba ilikuja ndefu na mashua ikaja fupi, polepole, lakini ikaja. Bila kugugumia. Mama mzee, mwembamba, peke yake katikati ya yadi, na mashua inamfuata kama ng'ombe anayemjua. Nikaanza kupiga makofi.

Hakucheka. Aliivuta mpaka ikafika miguuni pake, akasimama na kamba mkononi, akaitazama ile kapi.

"Kumbe," alisema.

Makofi yangu yakaisha.

"Hii ilikuwapo, Fundi? Siku ile tuliponunua?"

"Ilikuwapo."

"Wapi?"

Nilinyoosha kidole. Akaligeukia sanduku langu, lile lile la mbao, kifuniko kimechakaa katikati.

"Nyirongo alikaa juu yake," alisema.

Kisha akaikunja kamba taratibu, pindo juu ya pindo, kama anayekunja shuka ya wodini, akaniwekea mkononi. Ziwani hatukwenda.